Alivyotimuliwa Charlie Sheen: Two and a Half Men ilipata staa mpya, ikapoteza undugu

Leo tuachane kidogo na habari za nani kaachana na nani, turudi mpaka 2011, kwenye moja ya vurugu kubwa kuwahi kutokea kwenye runinga ya Marekani. Wale wa umri wangu mnaikumbuka Two and a Half Men. Ile komedi ya jumba la ufukweni, Charlie na kaptula zake na yale mashati mapana, mdogo wake Alan anayekaa bure, na yule dogo Jake anayekula muda wote.

Mimi hiyo kitu niliijua kwa bro. Nilipomaliza form four matokeo yakawa ndiyo kama hivyo, nikahamia kwake Mbagala. Chumba na sebule, na mimi nikapewa sebule. Usiku godoro chini, asubuhi linasimamishwa ukutani kabla shemeji hajatoka chumbani. Bro alikuwa na flashi aliyojaziwa na jamaa mmoja wa kuuza muvi pale mtaani, misimu minane yote imo. Tukawa tunaangalia vipande viwili vitatu kila usiku. Kila Alan akifungua friji la kaka yake bila kuomba, shemeji ananigeukia mimi. Nilicheka sana kipindi kile, ila nilikuwa nacheka huku najua nachekwa.

Siku bro aliporudi na msimu wa tisa, ule wenye Ashton Kutcher, tuliangalia vipande kama vitatu tukaacha. Hakuna aliyesema kwa nini. Flashi ikafutwa, zikawekwa nyimbo. Nimekuja kukaa nikaitafakari miaka mingi baadaye, na naona watu wengi walimlaumu Kutcher kwa kosa ambalo siyo lake.

Tuanze mwanzo basi. Kipindi kilianza kurushwa kwenye kituo cha CBS tarehe 22 Septemba 2003. Waliokibuni ni wawili, Chuck Lorre na Lee Aronsohn. Stori yenyewe ni nyepesi: Charlie Harper anatunga vijiwimbo vya matangazo ya biashara, ana hela, ana nyumba Malibu inayotazama bahari, kila ukiamka kuna mwanamke mwingine jikoni. Siku moja mdogo wake Alan, ambaye kazi yake ni kunyoosha watu migongo, anatimuliwa na mkewe na kuja kuomba hifadhi. Mwanaye wa miaka 10, Jake, anakuja wikiendi. Hifadhi ya muda ikageuka makazi ya kudumu.

Sasa ukiangalia vizuri, kichekesho chote kimesimama juu ya jambo moja: Charlie hawezi kumfukuza Alan. Anataka kumfukuza, anatamka kila siku, anamtukana mbele ya wageni. Lakini mama yao ni mmoja, tena mama mwenyewe ni yule Evelyn, ambaye wote wawili amewaachia makovu. Kwa hiyo Alan anakunywa bia za Charlie, anakwepa bili, anamharibia mipango na wanawake, na kesho asubuhi bado yupo mezani anakula. Hata kwetu ni vilevile. Mwenye nyumba atampigia mama simu alalamike wee, mama atasema vumilia ni mdogo wako, na kesi imeisha hapo. Mimi nilikaa kwa bro miaka miwili na nusu kwa sheria hiyohiyo.

Charlie Harper alikuwa ameshonwa kwa vipimo vya Charlie Sheen mwenyewe. Jina la kwanza ni lilelile. Pombe, kamari, wanawake, yote yalikuwa yanasomwa kumhusu kwenye magazeti kabla hajaanza kuyaigiza. Watu walikuwa wanacheka mara mbili, mara ya kwanza kwa mhusika, mara ya pili kwa sababu wanamjua mtu. Ililipa kwelikweli. Iliripotiwa kwamba kufikia msimu wa nane alikuwa anavuta dola milioni 1.8 kwa kila kipande cha nusu saa, zaidi ya bilioni mbili za kwetu kwa viwango vya wakati ule. Hakuna aliyekuwa anamfikia kwenye runinga ya Marekani.

Na kuna kitu watu wengi hawakumbuki. Huyu Sheen mwenyewe aliingia kwenye komedi za runinga kama mtu wa kuziba pengo. Kulikuwa na kipindi kinaitwa Spin City, kilianza 1996 kwenye ABC, staa wake Michael J. Fox, yule wa Back to the Future. Fox aligundulika ana ugonjwa wa Parkinson mwaka 1991 akiwa bado kijana, akaficha, akafanya kazi hivyohivyo mpaka 1998 ndiyo akautangazia umma. Mwaka 2000 akaona basi, akaondoka. Mhusika wake alikuwa naibu meya wa New York. Watayarishaji wakamleta Sheen, wakampa mhusika mpya kwa cheo kilekile, na jina wakamwita Charlie. Kipindi kikasukuma miaka miwili mingine, Sheen akabeba tuzo ya Golden Globe, kikaisha 2002. Mwaka mmoja baadaye akaanza Two and a Half Men. Yaani mlango wenyewe alioingilia ni wa mtu aliyeondoka.

Haya, 2011. Januari uigizaji unasimama kwa sababu Sheen ameingia kwenye matibabu ya ulevi na dawa. Februari anaanza kupiga simu redioni na kutoa mahojiano, anamporomoshea maneno Chuck Lorre, bosi wake. Tarehe 24 Februari wakubwa wakafunga kazi kwa msimu ule, na msimu wa nane uliopaswa kuwa na vipande 24 ukaishia 16. Hakunyamaza. Akaanza kusema ana damu ya chui milia, kwamba yeye anashinda tu, na dunia nzima ikayageuza maneno yake fulana. Tarehe 1 Machi akafungua akaunti ya Twitter, na ndani ya saa 25 hivi akawa na wafuasi milioni moja, Guinness wakamwandika kwenye kitabu chao cha rekodi. Tarehe 7 Machi Warner Bros. wakamfukuza. Akafungua kesi akidai dola milioni 100, ikamalizwa kwa makubaliano mwezi Septemba.

Siku hizi tumezoea kumuona staa akijichoma moto mubashara huku watu wanatuma emoji. Wakati ule ilikuwa mpya. Ukirudia kuangalia yale mahojiano leo, macho yake, jinsi alivyokonda, kicheko kinakata. Huyo ni mtu alikuwa anaumwa, na sisi watazamaji tulikuwa tunaombea aendelee.

Huku nyuma kuna watu wa taa, wa kamera, wa nguo, wa vipodozi, wa kupika chakula cha waigizaji. Wao hawakumtukana mtu yeyote. Kipindi kikisimama, mshahara wao nao umesimama. Jon Cryer, aliyekuwa anaigiza Alan, naye yupo nyumbani anasubiri simu. Kwa hiyo swali la tuendelee bila yeye au tufunge lilikuwa swali la kodi za nyumba za watu wengi, achana na sisi mashabiki na hisia zetu.

Wamarekani tayari walikuwa wamejaribu njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kubadilisha sura na kukausha. Bewitched, ile ya mke mchawi, ilianza 1964. Dick York alikuwa mume, Darrin. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu aumie akiigiza filamu moja iliyotoka mwaka 1959, na Januari 1969 akaanguka palepale kazini, akapelekwa hospitali, hakurudi tena. Msimu uliofuata akatokea Dick Sargent. Jina Darrin, kazi ileile, mke yuleyule, mama mkwe mchawi yuleyule anayemchukia. Hakuna aliyeeleza kitu. Ikaenda miaka mitatu zaidi mpaka 1972. Iliwezekana kwa sababu kipindi kile kilikuwa cha Samantha. Mume kazi yake ilikuwa kushtuka, na wa kushtuka hakosekani. Aunt Viv wa Fresh Prince ni hivyohivyo, 1993 Janet Hubert akatoka akaingia Daphne Maxwell Reid, wakaweka utani mmoja mwembamba kwamba mama amebadilika tangu ajifungue, wakaendelea. Na mpaka leo kuna watu kwenye familia yangu wanabishana Aunt Viv yupi ndiye wa kweli. Ni wa kwanza. Nimemaliza.

Njia ya pili ni kumuua. Mwaka 1987 Valerie Harper aligombana na watayarishaji juu ya malipo kwenye kipindi kinachoitwa Valerie. Jina lake ndilo jina la kipindi! Wakamfukuza, mhusika wake akafa kwenye ajali ya gari, akaletwa Sandy Duncan kama shangazi wa kulea watoto, na mwishowe kipindi kikabatizwa The Hogan Family. Kikafika 1991. Harper alikwenda mahakamani akashinda, baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.4 na sehemu ya faida. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema staa hawezi kuishinda kampuni, mpe hiyo.

Na kuna pale ambapo kifo ni cha kweli. John Ritter wa 8 Simple Rules alifariki Septemba 2003 ghafla, kipindi kikaamua familia iomboleze mbele ya kamera, wakaleta babu na binamu, baba hakuzibwa. Kikaisha 2005. Hapa kwetu Afrika Mashariki wote tunamkumbuka Papa Shirandula, Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Hakutafutwa Papa mwingine, na nani angekubali? Lile koti la ulinzi lilikuwa lake.

Sasa rudi kwa Lorre. Kubadilisha sura na kukausha hawezi, Charlie Harper ni Charlie Sheen, hata jina. Kufunga hataki. Akachagua kuua na kuleta mtu mpya kabisa. Mei 2011 ikatangazwa: Ashton Kutcher. Wengi walimjua kwa That '70s Show, akiwa Kelso, na kwa ile michezo yake ya kuwatega mastaa kwenye Punk'd.

Tarehe 19 Septemba 2011 ndiyo siku. Kipande kinafunguka na msiba wa Charlie. Wapenzi wake wa zamani wamejaa, hakuna anayelia, wengine wanalalamika magonjwa aliyowaachia. Rose, yule jirani aliyekuwa anamfuatilia miaka yote, anasimulia kwamba Charlie aliteleza Paris akaangukia mbele ya treni. Nyumba inawekwa sokoni. Alan amebaki na majivu ya kaka yake mkononi, anaongea nayo, mara dirishani anatokea mtu mrefu amelowa chapachapa. Anashtuka, majivu yanamwagika sakafuni. Huyo mtu ni Walden Schmidt, bilionea wa mambo ya intaneti, ametoka kujaribu kujiua baharini kwa sababu mkewe amemwacha, na maji yalikuwa ya baridi mno.

Watu milioni 28.7 walitazama. Kipindi hakijawahi kupata watu wengi namna hiyo hata siku za Charlie. Na ona ukatili wa ratiba, usiku uleule Comedy Central walirusha shughuli ya kumchamba Sheen jukwaani, mwenyewe amekaa katikati anacheka. Kwa siku moja hivi ilionekana Lorre ameshinda bifu kwa mabao mengi.

Lakini wiki zilizofuata watu wakaanza kutoka. Mamilioni. Siyo kwamba Kutcher alikuwa mbovu. Mimi niliirudia juzi, jamaa anachekesha, ana aibu ya kitoto hivi, anatembea uchi ndani ya nyumba kama hajui kuna watu. Waandishi nao walikuwa na akili, hawakumfanya awe Charlie wa pili. Charlie alikuwa mjanja, Walden ni mpole. Charlie alikuwa na wanawake wengi, Walden analilia mmoja. Kwa maana ya mtu mmoja mmoja, walichagua vizuri.

Tatizo ni Alan. Walden amenunua nyumba. Alan ni nani pale? Alan anaondoka kwanza, anahamia kwa mama yake, halafu Walden anamwambia arudi kwa sababu amekuwa mpweke. Sawa, wiki mbili. Mwezi. Lakini mwaka wa pili? Wa tatu? Mtu mzima mwenye taaluma anakaa bure kwa tajiri ambaye hawana uhusiano wowote, anamuibia, anamdanganya. Kwa Charlie hilo lilikuwa vichekesho kwa sababu hana pa kumpeleka ndugu yake. Kwa Walden, kila kipande unajiuliza kwa nini huyu bilionea haiti tu walinzi. Ndipo ninapokumbuka mimi na bro tulivyonyamaza usiku ule Mbagala. Alan alikuwa amegeuka kupe, na mimi nimelala sebuleni kwa mtu.

Kama unataka kuona jambo hilihili likifanyika kwa akili, kuna Cheers. Ni ya zamani, 1982 mpaka 1993, stori za baa moja Boston. Misimu mitano ya kwanza kila kitu kilikuwa Sam mwenye baa na Diane mhudumu msomi, wanapendana wanagombana. Mwaka 1987 Shelley Long, aliyekuwa Diane, akaondoka. Pale ilikuwa rahisi kuleta mwanamke mwingine msomi wa kugombana na Sam. Hawakufanya hivyo. Msimu mpya ulipofunguka, Sam ameuza baa, amenunua mashua azunguke dunia, mashua imezama, na anarudi kuomba kazi kwenye baa aliyokuwa anaimiliki. Bosi mpya ni Rebecca, ndiye Kirstie Alley. Umeona mchezo? Walibadilisha kiti cha Sam. Tangu siku hiyo kulikuwa na sababu mpya ya hao wawili kuwa chumba kimoja na kugombana: mmoja ameajiriwa na mwenzake. Kipindi kilienda misimu sita mingine, na msimu wa 1990 hadi 1991 kikawa namba moja Marekani nzima, jambo ambalo na Diane hawakuwahi kulifikia.

Two and a Half Men walilijua tobo lao, nadhani, maana walihangaika kulishona mpaka mwisho. Msimu wa tisa wakamrudisha Charlie kama mzimu, akaigizwa na Kathy Bates, mama mtu mzima amevaa lile shati na anavuta sigara kubwa. Alipata Emmy kwa hicho. Cryer naye mwaka 2012 akapata Emmy ya mwigizaji mkuu, wakati ile ya 2009 alipewa kama msaidizi. Ukiniuliza mimi, alistahili, alikuwa amebeba mabega ya watu wawili. Novemba 2012 Angus T. Jones, yule Jake, akatokea kwenye video ya kidini akiwaambia watu waache kuangalia kipindi ni uchafu, na mwaka uliofuata akatoka. Nusu nayo imeondoka. Wakaleta binti wa Charlie asiyejulikana, Jenny. Na msimu wa 12, mwisho wa maarifa, Walden na Alan wakafunga ndoa ili Walden aweze kuasili mtoto kirahisi. Watu walicheka, wengine walikasirika, mimi naona ilikuwa ni kukiri. Baada ya miaka mitatu wakitafuta sababu ya hawa wawili kukaa nyumba moja, waliamua kuwafanya familia kwa cheti.

Kipande cha mwisho kilirushwa tarehe 19 Februari 2015, watazamaji kama milioni 13.5. Wanatuambia Charlie hakufa, Rose alikuwa amemfungia shimoni miaka yote. Anatoroka, anatumia watu hela na vitisho, halafu anatokea mlangoni, tunamuona mgongo tu. Akiwa pale mlangoni, piano kubwa inamwangukia toka angani. Kamera inarudi nyuma, Chuck Lorre amekaa kwenye kiti cha mwongozaji, anageuka, anatamka lile neno la Sheen la kushinda, na piano nyingine inamwangukia yeye. Ule mgongo haukuwa wa Sheen. Lorre aliandika mwishoni kwamba walimwalika, wakampa wazo la yeye kuja mlangoni, kubwabwaja juu ya dawa za kulevya na kupondwa na piano, akakataa, akataka kipande cha kumrudisha vizuri yeye na Cryer kwenye kipindi kingine kiitwe The Harpers. Sheen anataka undugu urudi, Lorre anataka piano. Hapo mimi nilikuwa upande wa Sheen, samahani.

Walikuja kupatana. Novemba 2023 Lorre alitoa komedi nyingine inaitwa Bookie, ya mtu anayepokesha kamari, na Sheen akaonekana humo akiigiza kama yeye mwenyewe, mezani anacheza karata. Pembeni yake mezani, mwenye ndevu, ni Angus T. Jones. Jake kawa mwanaume mzima. Nilipoiona hiyo klipu nilimtumia bro WhatsApp, yeye sasa ana nyumba yake na mimi nina chumba changu Temeke.

Akajibu baada ya saa mbili: "Alan yuko wapi?"